Mbwa Wako Akimjeruhi Mbwa wa Jirani: Mafunzo Niliyopata Mtama

Huku kwetu Mtama mbwa ana kazi. Ukiiacha barabara kuu ya Lindi kwenda Masasi na kuingia mashambani, utamkuta mchana akiwafukuza nyani na tumbili wasing'oe mihogo, usiku akiwabwekea nguruwe pori, na msimu wa korosho ukiwadia analala ubavuni mwa magunia. Kwa kazi hiyo tunamsifu na kumwita kwa jina lake. Lakini siku anapomrarua mbwa wa mwenzetu, ghafla hana jina wala mwenyewe. Utasikia watu wakisema: "Ah, hao ni mbwa tu, wamepigana."

Nimekaa pande zote mbili za jambo hili. Mbwa wangu dume, Simba, alimjeruhi vibaya mbwa jike wa bibi tunayepakana naye shamba. Baadaye Simba naye akang'atwa na mbwa mpita njia asiyejulikana kwao. Niliyoyaona katika matukio hayo mawili, pamoja na niliyofundishwa na bwana mifugo, wauguzi na wazee wa kitongoji, nayaandika hapa kwa kila anayefuga. Yote yanasimama juu ya jambo moja: mbwa ni wako siku ya madhara kama alivyo wako siku ya ulinzi.

1. Amua ugomvi bila kutia mkono

Mbwa waliokamatana hawasikii jina wala amri. Meno yanashuka popote penye nyama, na mkono wako ukiwa katikati yao, nao ni nyama. Ndivyo mtu anavyong'atwa na mbwa aliyemlea mwenyewe tangu mtoto.

Kinachosaidia ni ndoo ya maji, wamwagiwe usoni. Maji yakikosekana, tupa gunia au shuka kuukuu juu ya vichwa vyao. Mkiwa watu wazima wawili, kila mmoja amshike mbwa mmoja miguu ya nyuma, amvute kinyumenyume, kisha kila mbwa afungwe mahali asipomwona mwenzake.

Wakishaachana, angalia watu kabla ya kuangalia mbwa. Nani ameng'atwa? Nani amechubuliwa? Mtoto gani alikuwa karibu? Kidonda cha mtu kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha aende kituo cha afya bila kungoja kesho. Sisi tuliolelewa chuoni tunajua habari ya kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo, mbwa anapolamba chombo. Hilo ni la tohara ya chombo. Kwenye kidonda usipake udongo hata kidogo, maana udongo unaleta pepopunda. Hapo panahitaji sabuni na maji safi.

2. Fika kwa mwenye mbwa kabla habari haijafika

Kijijini habari haina miguu lakini inakutangulia. Ikifika kwa jirani kupitia mdomo wa mtu wa tatu, inafika ikiwa imeongezwa chumvi: mbwa wako aliachiwa makusudi, ulikuwa umesimama unatazama, ulicheka. Kuifuta habari ya namna hiyo ni kazi ngumu kuliko kutibu kidonda.

Jioni ile nilikwenda kwa bibi mwenyewe, sikutuma mtoto. Nikapiga hodi, nikamwamkia, nikasubiri anipe kiti. Kisha nikamweleza: "Bibi, Simba amemuumiza mbwa wako kule mpakani. Ameumia shingoni. Nimekuja unisikie mimi kwanza. Gharama ya matibabu ni juu yangu." Alikaa kimya, akauliza kama mbwa anatembea, kisha akasema: "Umefanya vizuri kuja, mwanangu. Nenda kamlete tumwone."

Katika maneno yale hapakuwa na hukumu ya nani alianza. Kuomba radhi kwa jirani aliyeumia hakukufanyi uwe umeshindwa kesi. Maneno ya "lakini mbwa wako naye" yana wakati wake, na wakati wake si saa ile damu bado inatoka.

3. Kabla ya kuuliza nani alianza, uliza chanjo

Swali la kwanza la bwana mifugo alipofika halikuhusu ugomvi. Aliuliza: "Kadi ziko wapi?" Kadi ya Simba tunaitunza kwenye mfuko mmoja na kadi za kliniki za watoto. Aliisoma tarehe, akamsomea na bibi, na nikaona mabega ya watu pale uani yakishuka.

Sababu ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na katika wagonjwa 100, 99 waliupata kwa mbwa. Dalili zikishaanza, kupona ni kama hakuna. Virusi hukaa kwenye mate, kwa hiyo kila ng'ato ni mlango, iwe kwa mtu au kwa mbwa mwenzake.

Mkoa wetu wa Lindi una historia na jambo hili. Kuanzia mwaka 2010 tulikuwa ndani ya mradi mkubwa wa kutokomeza kichaa cha mbwa kusini mashariki mwa Tanzania, uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za Taasisi ya Bill na Melinda Gates. Wilaya 28 ziliingia, na Pemba ikiwemo. Wengi wetu tunakumbuka foleni za mbwa waliofungwa kamba za katani, watoto wakiwavuta kuelekea kwa mchanjaji. Pemba nayo ina somo lake: maambukizi yalikatika, yakarejea kutoka nje, na chanjo ya mbwa kisiwani ikayang'oa tena mwaka 2018. Chanjo ya mwaka mmoja haimlindi mbwa maisha yake yote, na mbwa waliozaliwa baada ya kampeni hawajui kwamba kampeni ilikuwepo.

Kwa mwenye mbwa aliyeng'ata, utaratibu ni huu: usimuue, usimhamishe kijiji, usimgawe. Mfunge mahali salama, mpe chakula na maji, mtazame siku 10. Akizimaliza akiwa hai na mzima, inajulikana kwamba mate yake hayakuwa na virusi siku aliyong'ata. Ukimuua siku ya pili kwa hasira, umewanyima watu wote jibu hilo.

4. Kidonda cha meno ni kidogo juu, kikubwa chini

Shingoni mwa mbwa wa bibi palionekana matundu manne tu, kila moja dogo kuliko punje ya mbaazi. Mmoja wetu alisema ni mikwaruzo. Bwana mifugo alivaa glovu, akanyoa manyoya pale penye matundu, akavuta maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa kwenye bomba la sindano, akayasukuma ndani ya tundu la juu. Maji yakatokea tundu la chini, upande wa pili wa shingo, yakiwa na rangi ya damu na unyoya mmoja mmoja. Ngozi ilikuwa imebanduka nyama kwa ndani, na kati yake palikuwa na mfuko mtupu.

Mfuko ule ndimo usaha unamojaa siku ya pili au ya tatu, wakati matundu ya juu yameshafunga na mwenye mbwa ameshatulia. Kwa joto letu la Lindi, nzi nao hawachelewi, na kidonda kilichoachwa wazi kinaingia funza. Kwa hiyo kama bwana mifugo yuko mbali, osha kwa maji ya chumvi, mara nyingi, na usiyazibe matundu. Usimwage maji ya betri, mafuta ya gari wala majivu. Na usimpe mbwa diklofenaki wala dawa nyingine ya maumivu ya binadamu uliyonayo nyumbani. Diklofenaki inachoma tumbo la mbwa na kuharibu figo zake, na utakuwa umemuua mbwa wa jirani mara ya pili.

Anayeosha avae glovu au afunge mikono vizuri. Kidonda kipya kina mate ya yule aliyeng'ata.

5. Hasara si dawa peke yake

Nilidhani deni langu kwa bibi lingekuwa dawa, sindano na nauli ya bodaboda ya bwana mifugo. Ni bibi aliyenionyesha lililobaki. Mahindi yake yalikuwa yameanza kukomaa. Mbwa wake akiwa amelala uvunguni mwa ghala anauguza shingo, nani angelinda shamba? Usiku mmoja tu nguruwe pori wakiingia, chakula cha mwaka kimekwenda.

Tulikubaliana kwamba kijana wangu mkubwa atalala kwenye dungu la bibi mpaka mbwa apone. Alikwenda na tochi na debe la kugonga. Jambo hili lilimfurahisha bibi kuliko fedha, kwa sababu lilitambua kwamba mbwa wake alikuwa mfanyakazi. Kwa hiyo unapokaa kuhesabu madhara, uliza mbwa huyo alikuwa anafanya nini kwao. Kama alikuwa analinda mbuzi, kuna mbuzi wa kulindwa. Kama alikuwa anamsindikiza mama alfajiri kwenda kisimani, kuna mama anayetembea peke yake gizani.

6. Lipa kwa kilichopo, usiahidi korosho

Huku kwetu ahadi nyingi zinafungwa kwenye msimu: ada ya shule, bati, mahari, deni la duka. "Korosho zikiuzwa." Mnada unaweza kuchelewa, bei inaweza kushuka, malipo ya chama cha ushirika yanaweza kuingia benki baada ya kila mtu kuwa ameshakopa mbele. Kidonda hakingoji mnada. Mbwa atakuwa amepona au amekufa, na deni litakuwa limebaki linatazamana nawe kila mnapokutana njiani.

Kidogo kilicho mkononi kina uzito kuliko kikubwa cha msimu. Kuku wawili, debe la mihogo mikavu, siku za palizi, nusu ya gharama ya dawa leo na nusu baada ya wiki mbili: yote hayo yanakubalika mkiyasema mapema. Lipia na chanjo ya mbwa aliyejeruhiwa kama hajachanjwa. Unailipia nyumba yako pia, maana ni mbwa huyo huyo atakayekutana na wa kwako kesho.

7. Suluhu iwe na mashahidi

Hata mkielewana vizuri, mwite balozi au mwenyekiti wa kitongoji asikie mlichokubaliana. Andikeni kwenye daftari: tarehe, mbwa gani, nani analipa nini, lini. Si kwamba hamuaminiani. Watu wanasahau, watu wanasafiri, na watoto wanarithi maneno ambayo hawakuyashuhudia.

Ikishindikana, kuna mtendaji wa kijiji, na kuna baraza la kata, ambalo sheria yake ya mwaka 1985 iliweka usuluhishi kuwa kazi yake ya kwanza. Mahakamani ndiko mwisho, na huko swali litakalokuelemea ni lile ambalo sheria ya madhara tuliyoirithi kwa Waingereza imekuwa ikiliuliza tangu zamani: ulikuwa unajua tabia ya mbwa wako? Mwenye mbwa anayejulikana kwa ukali hana pa kujificha. Kwa hiyo mbwa akishajeruhi mara moja, wewe sasa ni mtu anayejua, na mara ya pili hutakuwa na neno.

Wapo wanaoona njia fupi ni nyama yenye sumu inayotupwa usiku. Aliyeumizwa asifanye hivyo, na aliyeumiza asikubali ndugu zake walipize namna hiyo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili wa namna hii. Tena sumu haichagui: inamchukua mbwa wa nyumba ya tatu, inachukua kuku, na mtoto mdogo anaweza kuokota kipande.

8. Mbwa asiyejulikana kwao ni dharura ya kijiji kizima

Yule mpita njia alikuja magharibi. Hakubweka. Alipita katikati ya uwanja akitiririkwa na mate, akang'ata kigogo cha kufungia mbuzi, akamrukia Simba na kumpasua mdomo, akaendelea na safari yake kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Njiani aling'ata mbwa wengine. Vijana wakamuua, na wakataka kumchoma moto pale pale.

Bwana mifugo aliwazuia kwa simu. Kichaa cha mbwa kinathibitishwa maabara kwa kupima ubongo, kwa hiyo kichwa kinahitajika, kikiwa kimehifadhiwa kwenye barafu na kushikwa na mtu mwenye vifaa. Kwa upande wetu wa kusini, Wakala wa Maabara ya Veterinari ina kituo Mtwara. Majibu yalirudi kwamba ni kichaa.

Hapo ndipo kadi ilipogawa nyumba na nyumba. Simba alikuwa amechanjwa, akachomwa sindano ya kuongeza nguvu mara moja, akafungwa na kutazamwa. Miongozo ya Marekani kwa mbwa wa namna hii hutaja siku 45. Yupo hai. Mbwa wengine walioumwa jioni ile ambao hawakuwa na chanjo ilibidi wauawe kwa sindano, mmoja akiwa bado mdogo na mtoto wa nyumba ile ndiye aliyemshikilia kamba. Mfugaji mmoja alitaka kumficha wa kwake. Wazee wakamkumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kifo kingeweza kuwa cha mtoto wake.

Kuna jambo la kutia moyo. Mwaka 2009 Katie Hampson na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia ng'ato moja moja huko Serengeti na Ngorongoro. Walikuta kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa, kwa wastani, anaambukiza mbwa mwingine mmoja na ushee, hafikishi wawili. Mnyororo huo ni mwembamba. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema tukichanja mbwa 70 katika kila 100, unakatika. Hatuhitaji kuua mbwa wa kijiji. Tunahitaji kuwafikisha kwa mchanjaji.

Kwa mtu aliyeng'atwa au kulambwa kwenye kidonda na mbwa wa namna hii, baada ya kuosha, ni hospitali moja kwa moja. Chanjo ya binadamu haipo katika kila zahanati, kwa hiyo piga simu kuuliza kabla ya kupoteza nauli; wa kwetu huenda Nyangao au Hospitali ya Sokoine pale Lindi. Na amalize dozi zote kwa tarehe zake hata kama kidonda kimeshakauka.

9. Badilisha maisha ya mbwa wako

Baada ya siku 10 za kumtazama, zile zilizofuata ugomvi na mbwa wa bibi, nilikaa na familia tukajiuliza Simba aliishi vipi. Majibu yalikuwa mbele yetu. Jike wa bibi alikuwa kwenye joto wiki ile, na madume wa kitongoji kizima walikuwa wanagombea njia. Chakula tulikuwa tunamtupia mpakani, mahali ambapo mbwa wawili wanadai ni pao. Mchana kutwa alikuwa huru hata siku ambazo hapakuwa na kazi.

Tukamhasi. Chakula tukakihamishia nyuma ya jiko. Mchana anafungwa kivulini, kamba ndefu inayomruhusu kufika kwenye maji, na jioni anakwenda shamba na mtu. Kumfunga mbwa juani kwa mnyororo mfupi kunamzidishia ukali, hakuna anachojifunza hapo. Naye aliye na jike, akiwa kwenye joto amfungie ndani kwa siku hizo, maana ugomvi mwingi unaanzia hapo.

Wapo walionishauri nimtupe porini au nimpeleke kijiji cha mbali. Kumhamisha mbwa anayejeruhi ni kumpelekea mtu mwingine madhara bila kumwambia. Na katika dini yetu tumefundishwa habari ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Kiumbe aliyekulindia chakula ana haki kwako hata siku amekosea.

Bibi na mimi bado tunapakana. Mbwa wake alipona, shingo ikabaki na kipara kidogo, na msimu uliofuata tuliwapeleka wote wawili kuchanjwa asubuhi moja, kila mmoja na kamba yake. Nawaomba wafugaji wenzangu wa Mtama, Nyangao, Mingoyo na kwingineko: tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, isiwe ya kusikia redioni tu. Itafuteni kadi ya mbwa wenu leo. Kama tarehe imepita, mpigieni bwana mifugo. Kama hakuna kadi, mwambieni jirani yenu mwende pamoja, kabla mbwa wenu hawajakutana mpakani.